Sura ya Tano: Mgonjwa Wetu Tumpeleke Wapi?

Katika miji ya pwani yetu, na bara kadhalika, swali moja huulizwa kwa sauti ya chini kila kijana wa nyumba anapoanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu: huyu apelekwe hospitali, au apelekwe kwa shehe? Wakristo huuliza kwa namna yao, hospitali au kwa mchungaji, na wale ambao mila za wazee wao zingali na nguvu huuliza hospitali au kwa mganga. Lakini swali ni lile lile, na aghalabu huulizwa usiku, baina ya watu wawili au watatu, milango ikiwa imefungwa ili jirani asisikie.

Swali hili linastahili heshima. Wasomi wengi hulihesabu kuwa dalili ya ujinga, na kwa kulidharau hukosa kusikia khofu na mapenzi yaliyomo ndani yake. Mimi naliona kuwa swali la haki, ila limepangwa kwa namna inayomdhuru mgonjwa, maana humlazimisha mtu achague mlango mmoja na kuupa mgongo wa pili, ilhali mambo yanayomwangamiza mgonjwa ni matatu na yote yanaweza kumpata nyuma ya mlango wowote: kucheleweshewa tiba, kukatiziwa dawa, na kufungwa. Aila iliyojikinga na matatu hayo yaweza kuomba dua usiku na mchana bila ya kumdhuru mtoto wao. Na iliyoshindwa kujikinga nayo haitaokolewa na jina la hospitali lililoandikwa langoni.

Njia aipitayo mgonjwa

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19, mtoto wa tatu katika nyumba ya mwenye duka dogo mjini Tanga. Simkusudii mtu mahsusi. Nyumba nyingi zitajiona humu. Kwanza huacha kula na wenzake katika sinia. Kisha huacha kwenda barazani. Siku moja hufunika kioo cha chumbani kwa kanga ya mama yake, akisema wapo watu wanaomtazama kupitia humo, na usiku husikika akijibizana na mtu asiyeonekana, mara akimbembeleza, mara akimfukuza. Mama huita shangazi wa kijana, na shangazi, baada ya kumtazama kwa muda, husema, “Wifi yangu, mtoto huyu ametupiwa kitu.”

Basi huendewa shehe. Shehe huwakaribisha mkekani, huuliza jina la kijana na la mama yake, husikiliza habari yote tangu mwanzo bila ya kutazama saa, kisha huandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, huiosha kwa maji ya marashi, na maji hayo, ambayo ndiyo kombe, hutiwa katika chupa ili kijana anywe kila asubuhi. Siku kadhaa hupita na kijana hutulia, kwa kuwa maradhi haya yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na nyumba nzima humshukuru Mungu. Halafu huzuka tena kwa ukali zaidi. Sasa huitwa fundi wa kupunga pepo, hununuliwa ubani, kitambaa chekundu na mbuzi, ngoma hupigwa mpaka alfajiri, na fedha iliyokuwa ya kujazia duka huisha. Miezi hupita. Kijana humpiga jirani kwa kumdhania kuwa ndiye anayemfuata, na wanaume wa mtaa humfunga kamba. Ndipo hospitali hukumbukwa, na kijana hufikishwa huko na polisi, amekonda, mikono imechubuka, akiwa ameugua karibu mwaka mzima bila ya kumeza kidonge hata kimoja.

Nani wa kulaumiwa hapa? Si mama, wala si shangazi. Walikwenda mahali ambapo walijua watapokewa. Hospitalini huketi juu ya benchi tangu alfajiri, huonwa na tabibu kwa dakika chache mbele ya wagonjwa wengine, hupewa cheti chenye majina matatu ya dawa, na hurudi nyumbani bila ya kuambiwa ugonjwa unaitwaje, utachukua muda gani, wala kwa nini umempata mtoto wao na si mwingine. Shehe alijibu maswali hayo yote. Majibu yake yaweza kuwa hayakumponya kijana, lakini yaliituliza nyumba, na tabibu asiyetoa jibu lolote hana haki ya kushangaa akiona nyumba hiyo haikurudi kwake.

Maradhi yenyewe ni nini

Hali iliyompata kijana wetu matabibu huiita saikosisi, yaani hali ambayo mtu hupoteza mpaka baina ya yale yaliyopo kweli na yale yanayozuliwa na ubongo wake mwenyewe: husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hushika itikadi isiyoweza kuondolewa kwa ushahidi wowote. Saikosisi huletwa na mambo mengi, miongoni mwao malaria iliyopanda ubongoni, bangi, pombe, na taabu za uzazi. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hupaswa kupimwa mwili kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa imedumu kwa miezi na kurudi tena na tena, na sababu nyingine zimekwisha kuondolewa, yamkini ni skizofrenia, maradhi ya muda mrefu ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba yamewapata watu wapatao milioni 24 ulimwenguni, sawa na mtu mmoja katika kila watu 300. Hayachagui dini wala kabila. Katika mji wenye watu laki tatu tutazamie watu elfu moja wenye maradhi haya, na kama hatuwaoni, basi wamefichwa.

Dawa yake ya kwanza iliyofaa kweli si ya zamani. Ni mwaka wa 1952, mjini Paris, matabibu Jean Delay na Pierre Deniker walipotangaza kwamba klopromazini, dawa iliyokuwa imetengenezwa kwa kazi ya upasuaji, iliwatuliza wagonjwa wa akili na kuzipunguza sauti walizozisikia. Baadaye ikaja haloperidoli, mwaka wa 1958, kutoka Ubelgiji, na kisha sindano zinazodumu mwilini kwa wiki nyingi, ambazo watu wetu huziita sindano ya mwezi. Kabla ya hapo wagonjwa wengi hawakupata zaidi ya kuta, maji ya baridi, na mikono yenye nguvu.

Dawa hizi huponya dalili, lakini zina taabu zake, na hapa ndipo aila nyingi hukata tamaa. Kijana aliyepewa haloperidoli huenda akapinda shingo upande mmoja, macho yakaelekea juu, ulimi ukawa mzito, mikono ikatetemeka, mate yakamtoka. Mama huona haya yote siku ya pili ya dawa, hakuna aliyemwonya, naye huhitimisha kwamba hospitali imemharibu mwanawe, au kwamba jini amekasirishwa. Kumbe kukakamaa huko kuna dawa yake, hutolewa kwa kidonge au sindano na huondoka upesi, tena kipimo cha dawa yenyewe chaweza kupunguzwa. Neno moja la muuguzi, lililosemwa siku ya kwanza, lingemzuia mama asiitupe chupa ya vidonge jalalani.

Kwa ufupi, mpaka hapa:
- Saikosisi ni hali, na sababu zake ni nyingi. Mwili upimwe kwanza.
- Kila tiba inapochelewa, kupona huwa kugumu zaidi.
- Dawa huleta taabu mwilini, na nyingi ya taabu hizo hutibika. Kuacha dawa ghafla ndiko kunakorudisha maradhi.

Khofu ya hospitali ilitoka wapi

Hatuwezi kuwalaumu watu kwa kuogopa hospitali za akili bila ya kukumbuka zilianzaje kwetu. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka wa 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani wakaanza kuwapokea humo wagonjwa wa akili. Hiyo ni asili ya huruma. Lakini Nairobi, mwaka wa 1910, serikali ya kikoloni ilichukua majengo ya kuwatengea wagonjwa wa ndui, ikayafanya mahali pa kuwatengea wendawazimu, na mahali hapo ndipo panapoitwa Mathari hadi leo. Tangu mwanzo, basi, mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa mtu wa kuondolewa machoni pa watu, na aliyeondolewa aghalabu alipelekwa na askari. Mirembe ya Dodoma nayo, iliyojengwa enzi ya Waingereza, na jirani yake Isanga inayopokea wagonjwa walioletwa na mahakama, zimebeba jina zito kiasi kwamba watoto wa shule hutukanana kwalo.

Elimu yenyewe ilitiwa sumu. Tabibu J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia mwaka wa 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, akidai kwamba Mwafrika hautumii ipasavyo ubongo wake wa mbele, na kwamba anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika taarifa kwa ajili ya serikali ya Kenya kuhusu Mau Mau, akaligeuza dai la ardhi na uhuru kuwa jambo la maradhi ya nafsi. Frantz Fanon, mwenyewe tabibu wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka wa 1961. Jibu la Fanon lilikuwa la haki, lakini dhulma ilikwisha kutendeka: babu aliyeona sayansi ikitumiwa kumwita yeye mpungufu wa akili alikuwa na sababu ya kumwonya mjukuu wake asikanyage huko.

Wapo pia wanaodhani kwamba kumtibu mwenye maradhi ya akili kwa hospitali na dawa ni jambo geni lililoletwa na Wazungu, lisilopatana na Uislamu. Hao wanapaswa kukumbushwa habari za Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na nafsi pamoja, akazichambua ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi, na akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile isiyo na sababu ya dhahiri, ambayo aliiona kuwa inatoka mwilini na inahitaji tiba ya mwili. Vile vile hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka wa 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Shehe anayemwambia mzazi kwamba dawa ya hospitali ni upungufu wa imani anazikana hazina za dini yake mwenyewe.

Kijiji cha Aro

Mwaka wa 1954 kijana mmoja wa Kinijeria, Thomas Adeoye Lambo, alirudi kwao Abeokuta baada ya kusomea utabibu Uingereza, akakabidhiwa hospitali mpya ya akili mahali paitwapo Aro. Majengo yalikuwa hayajakamilika, na badala ya kungoja, Lambo alifanya jambo ambalo walimu wake hawakumfundisha: aliwaomba wakulima wa vijiji vya karibu wawapangishe wagonjwa katika nyumba zao. Sharti lilikuwa moja, kwamba kila mgonjwa aje na jamaa yake, mama au ndugu au shangazi, wa kumpikia, kumfulia na kumwongoza asubuhi kwenda kupata dawa. Mchana mgonjwa alilima, alisuka, alicheza, alikwenda sokoni. Vijiji vilipata kodi, maji safi na huduma ya afya. Mgonjwa alibaki kuwa mtu miongoni mwa watu. Lambo aliwaita pia waganga wa Kiyoruba wafanye kazi pamoja naye, si kwa kuamini kila walichosema, bali kwa kuwa walijua kuongoza ibada, kusikiliza maungamo, na kurudisha amani katika aila iliyogombana. Baadaye alipanda hata akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Tanzania nayo, katika miaka iliyofuata uhuru, ilijaribu njia inayokaribiana na hiyo kwa kuanzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, mathalan Vikuruti karibu na Dar es Salaam.

Yaliyofanywa na Lambo kwa busara yake yamekuja kupimwa kwa hesabu. Katika Nigeria na Ghana, chini ya uongozi wa tabibu Oye Gureje wa Ibadan, ulifanywa uchunguzi juu ya wagonjwa 307 wa saikosisi waliokuwa wakikaa kwa waganga wa jadi na viongozi wa dini. Nusu ya vituo hivyo viliachwa viendelee kama kawaida. Katika nusu ya pili wahudumu wa zahanati walikwenda huko huko kwa mganga, wakawapa wagonjwa dawa mbele yake, wakazungumza naye juu ya mambo yanayodhuru, naye akaendelea na dua na ibada zake. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2020: baada ya miezi sita, wagonjwa waliotibiwa kwa ushirikiano walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Mganga hakufukuzwa na dawa haikukataliwa.

Nataraji baadhi ya matabibu watachukizwa na habari hii, wakisema kwamba kushirikiana na mganga ni kuupa uwongo cheti. Nawajibu kwamba mgonjwa yuko kule tayari, apende asipende tabibu, na dawa isiyomfikia haina faida. Lakini nasema kwa uwazi ule ule kwamba wapo waganga wasiostahili kushirikishwa hata kidogo: wanaopiga wagonjwa ili kumtoa jini, wanaowanyima chakula na kukuita kufunga, wanaomuuzia mjane uponyaji kwa bei ya shamba lake. Hao ni wahalifu, na mahali pao ni mahakamani.

Mnyororo

Shirika la kutetea haki la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka wa 2020 iliyoonyesha kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, katika Afrika, Asia, Amerika na kwingineko, majumbani, kwa waganga, katika makambi ya maombi, na katika vituo vya serikali vile vile. Waliofungwa hula, hulala na kujisaidia mahali pamoja. Wako waliofungwa kwa miaka.

Tungependa kuamini kwamba dawa ikifika mnyororo utaanguka wenyewe. Hauanguki. Katika kambi moja ya maombi nchini Ghana wagonjwa 139 waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa dawa pamoja na maombi; waliopewa dawa walipata nafuu ya wazi, lakini siku zao za kukaa katika minyororo hazikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Mnyororo una sababu zake: khofu ya jirani, uchache wa walinzi, mama aliye peke yake anayepaswa kwenda shamba, na desturi. Ghana ilipiga marufuku ufungaji huo mwaka wa 2017, na ripoti ile ya miaka mitatu baadaye bado iliitaja. Sheria inahitaji mtu wa kumshika mkono mama yule, ampe dawa karibu na nyumba, na amtafutie mahali pa kumweka mwanawe saa za kazi.

Sheria na fedha

Sheria zetu zimeanza kuamka. Tanzania ilipata sheria ya afya ya akili mwaka wa 2008. Kenya, baada ya jopo lililoongozwa na tabibu Frank Njenga kupendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa, iliirekebisha sheria yake mwaka wa 2022. Na mwezi wa Januari mwaka wa 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba, uamuzi ambao naupokea kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa mtu aliyefikia ukingo ule anahitaji kitanda na muuguzi, wala hahitaji pingu. Lakini sheria hainunui vidonge. Kwa wastani, serikali za ulimwengu hutenga kwa maradhi ya akili kiasi cha asilimia 2 tu ya fedha zao za afya, na zahanati iliyoishiwa haloperidoli kwa mwezi mmoja huwarudisha wagonjwa wake wote mwanzo wa njia.

Basi tufanye nini nyumbani

Kwa aila iliyo katika taabu hii sasa, haya ndiyo ninayoyaona kuwa ya lazima:

- Mpeleke mgonjwa apimwe mwili mapema, hata kama mmekwisha kwenda kwa shehe au kwa mchungaji. Mweleze tabibu kila alichokunywa, kombe, mizizi na majani pamoja.
- Muulize tabibu mambo matatu kabla ya kuondoka: dawa hii italeta taabu gani, nifanye nini ikitokea, na nirudi lini.
- Kiongozi wa dini akikuambia uache dawa, tafuta kiongozi mwingine. Wapo wengi wanaoomba dua na kumwambia mgonjwa ameze kidonge chake.
- Akipata nafuu, mrudishie kazi na heshima yake kidogo kidogo: aketi sinia moja na wenzake, apewe ufunguo wa duka, aulizwe rai yake katika mambo ya nyumba.

Na wewe msomaji, ikiwa katika nyumba yako au ya jirani yako yumo mtu aliyefungwa wakati unaposoma ukurasa huu, nenda kesho asubuhi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, sema kwa uwazi kwamba yupo mtu aliyefungwa na tangu lini, wala usiondoke pale mpaka utakapoambiwa siku na saa ambayo mhudumu atakuja kumwona, au mahali mtakapompeleka.